Sikandi mtoto, namkanda mama

Simu iliingia saa nne usiku, namba siijui. "Dada, samahani kwa usumbufu. Mke wangu ana wiki 38. Njoo kesho umkande kidogo mtoto ashuke, maana Jumapili nasafiri."

Nikamuuliza, shemeji, anayesafiri ni wewe au mtoto? Akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu mwezi ulikuwa haujafika nusu na hiyo ilikuwa simu ya tano ya namna hiyo. Kuna aliyetaka mtoto azaliwe kabla likizo ya dada yake haijaisha. Kuna aliyekuwa na mama mkwe kutoka Tanga ambaye tiketi ya kurudi ameshakata. Basi leo nayaandika yote hapa, na atakayepiga tena nitamtumia linki.

Mimi ni nesi mkunga kwa kusomea. Nimekaa miaka wodi ya wazazi, sasa nazunguka Tabata, Segerea na Kinyerezi hapa Dar es Salaam na mkeka wangu na chupa ya mafuta ya nazi, nikikanda wajawazito na waliojifungua majumbani kwao. Kazi hii ndiyo inayonilisha. Kwa hiyo nikisema kukanda hakuanzishi uchungu, jua natia mchanga kwenye sahani yangu mwenyewe.

Mambo ya uchungu nitayapitisha haraka. Mlango wa kizazi, hiyo mnayoiita njia, kwa miezi mingi unakuwa mgumu kama ncha ya pua. Siku zikikaribia unalainika kama mdomo, unafupika, ndipo unaanza kufunguka. Kemikali za mwili ziitwazo prostaglandini ndizo zinazolainisha, na homoni iitwayo oksitosini ndiyo inayokaza misuli ya mji wa mimba. Lakini mji wenyewe lazima uwe umeshaota vipokezi vya kutosha, yaani sehemu za kuipokea hiyo oksitosini. Dripu ya uchungu ya hospitali ni oksitosini hiyohiyo, ya kutengenezwa, inaingia moja kwa moja kwenye mshipa, na bado mama ambaye njia yake haijaiva anaweza kushinda nayo kutwa pasitokee la maana. Ndiyo maana kabla ya kuanzishiwa uchungu unapimwa njia na kupewa alama, utaratibu uliowekwa na daktari Mmarekani aitwaye Bishop mwaka 1964. Sasa dripu ikigoma, wewe unategemea mafuta ya nazi?

Ila linaloniudhi kuliko hilo ni neno "amepitisha siku".

Tarehe ya makadirio iliyoandikwa kwenye kadi ya kliniki ni siku 280 kuanzia siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho. Hesabu hiyo inakuchukulia kwamba mzunguko wako ni wa siku 28 na yai lilipevuka siku ya 14. Kama mzunguko wako ni wa siku 35, umeshaongezewa wiki nzima ambayo mtoto hakuikaa. Hapo ni kama tarehe unaikumbuka. Mimi nikimuuliza mtu hedhi ya mwisho lini, najibiwa "ilikuwa karibu na Idi." Idi ipi mama, ndogo au kubwa? Anamwangalia mumewe. Mume anaangalia feni. Mwingine alibeba mimba akiwa ametoka kwenye sindano ya uzazi wa mpango, hedhi yenyewe ilikuwa haijarudi vizuri, lakini kwenye kadi kuna tarehe na tarehe hiyo inaheshimiwa kama ya kesi mahakamani.

Kisha kuna ultrasaundi. Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito apigwe moja kabla ya wiki 24, kwa sababu mapema ndipo kipimo kinapoweza kukadiria umri wa mimba vizuri. Ukisubiri hadi mwezi wa nane, watoto wameshaanza kutofautiana ukubwa kama watu wazima wanavyotofautiana, na makadirio yanaweza kukosea hata wiki tatu. Sasa nakutana na mama ana karatasi tatu za ultrasaundi, kila moja na tarehe yake. Unafikiri anaishika ipi? Ile yenye tarehe ya kujifungua ya karibu zaidi, kila mara. Hajatokea hata mmoja aliyeniambia ameamua kuamini ile yenye tarehe ya mbali.

Na hesabu ya miezi nayo! Wiki 40 ukizigawa kwa nne unapata miezi kumi. Mama anashika kichwa: "Dada, nimeingia mwezi wa kumi, mtoto ameganda." Hajaganda. Mwezi wa kalenda una siku 30 au 31, wiki nne ni siku 28, ndiyo hiyo ziada. Mimba ya kawaida hujifungua popote kati ya wiki 37 na 42. Katika wajawazito 100, wanaojifungua siku ileile ya makadirio ni kama 4 au 5. Ushauri wa kumwanzishia mama asiye na tatizo lolote ni pale anapotimiza wiki 41, na iwe kwa hakika kwamba ni 41. Wa wiki 38 hajapitisha chochote. Tena mtoto aliyeharakishwa wiki ya 37 au 38 ana hatari kubwa kidogo ya kusumbuliwa na pumzi kuliko aliyesubiri 39.

Haya, kukanda kwenyewe. Ninakanda mgongo, nyonga, mapaja, miguu, mabega. Mama analala ubavu, hasa wa kushoto, mto katikati ya magoti, kwa sababu akilala chali mimba ikiwa kubwa inagandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo na anaanza kuona kizunguzungu. Faida yake ni usingizi, maumivu ya kiuno kupungua, na saa moja ya kuguswa na mtu asiyekuja kumpima kitu. Uchungu ukishaanza, kukandwa kiuno kunapunguza maumivu kwa wengi, ingawa tafiti zenyewe ni dhaifu. Mimi pia huwaambia wateja kwamba hofu na uchovu huleta adrenalini, adrenalini inagombana na oksitosini, kwa hiyo mama aliyetulia huenda akaanza kwa urahisi zaidi. Nalisema kwa kujiamini sana. Ukinibana nithibitishe kwa wateja wangu mwenyewe, siwezi.

Maana angalia. Nimewahi kumkanda mama saa kumi alasiri, saa nane usiku chupa ikapasuka, mtaa mzima ukanijua. Lakini ukimkanda mama wa wiki ya 40 mara mbili kwa wiki, uwezekano mkubwa ni kwamba atajifungua siku chache baada ya mkono wako kumgusa. Hata ungekwenda kumfagilia uwanja badala ya kumkanda, ingekuwa hivyohivyo.

Kuna pia zile sehemu za kubonyeza za Wachina: vidole vinne juu ya kifundo cha mguu upande wa ndani, na ile nyama kati ya kidole gumba na cha shahada. Tulifundishwa usiziguse kabla ya wiki 37, utaleta uchungu. Halafu mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2017 na Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, hayakuona ushahidi wa wazi kwamba kubonyeza huko kunaanzisha uchungu. Kama haziwezi kuanzisha wiki ya 40, zitaanzishaje wiki ya 30? Nimelifikiria hili mara nyingi nikiwa kwenye foleni ya Buguruni. Na bado nikimkanda mama wa wiki 30, kidole changu kikifika pale kifundoni kinaruka chenyewe.

Tumbo sichui. Bibi yangu, Mzaramo wa Kisarawe, alikuwa anawashika wajawazito kijiji kizima, na nilimwona kwa macho yangu: tumboni alikuwa anapaka, viganja vinateleza tu, hagandamizi. Leo mtu anakuja na vifundo vya ngumi, eti anageuza mtoto aliyetanguliza matako. Madaktari wanaogeuza wanafanya hivyo kuanzia wiki ya 36 au 37, wakiwa na ultrasaundi, wanasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, na chumba cha upasuaji kiko karibu, kwa sababu kondo la nyuma linaweza kuachia. Wewe kwenye kochi la sebuleni una nini?

Vya kula na kunywa, haraka. Nanasi litakupa kiungulia. Mlenda ni mboga nzuri, lakini utelezi wake unaishia tumboni, haufiki njiani. Bajaji kwenye makorongo itakuvunja kiuno. Mafuta ya nyonyo, yale mnayopaka nywele, yana asidi inayosukuma utumbo na kweli inaweza kuamsha mji wa mimba pia, ila utaanza uchungu ukiwa umeshaishiwa nguvu kwa kuharisha. Tende kula: huko Jordan, waliokula 6 kwa siku wiki nne za mwisho walifika hospitali njia imefunguka zaidi, ingawa utafiti ulikuwa mdogo. Kuchezea chuchu kunatoa oksitosini halisi: kwa wenye njia iliyoiva, 37 katika 100 walianza uchungu ndani ya siku tatu, dhidi ya 6 kwa wasiofanya. Njia isipoiva, hakuna kitu, na mwenye mimba ya hatari asijaribu nyumbani. Mitishamba ya kuongeza uchungu ndiyo inayonitisha. Dripu inahesabiwa matone, glasi ya mizizi haihesabiwi, na mwenye kovu la upasuaji mji wa mimba unaweza kupasuka. Ukishainywa, basi mwambie mkunga wako kabla hajakuongezea dripu juu yake. Hatakupiga. Atafoka, lakini hatakupiga.

Kinachochekesha ni kwamba kuna aina moja ya kukanda ya mwezi wa tisa yenye ushahidi mzuri, na hakuna anayenipigia saa nne usiku kuiulizia. Ni kukanda msamba, ile nyama kati ya uke na njia ya haja kubwa, kuanzia wiki ya 34 au 35, mara moja au mbili kwa wiki, vidole visafi vyenye mafuta. Kwa mzazi wa kwanza kunapunguza kuchanika kwa kushonwa kwa kama sehemu moja katika kumi. Anafanya mwenyewe au mumewe, mimi naelekeza tu. Nikieleza, wanafunika uso na khanga.

Na kuna siku nafika, nafungasha mkeka bila kumgusa mtu. Mguu mmoja umevimba na unauma kwenye misuli ya nyuma, hapo huenda kuna damu iliyoganda, ukikanda unaweza kuipeleka kwenye mapafu. Kichwa kinauma na macho yanaona giza, uso umevimba. Damu inatoka. Mtoto amepunguza kucheza. Hao nawapandisha bajaji kwenda hospitali, na nauli nalipa mimi wakianza kubishana.

Yule shemeji wa Jumapili, nilikwenda kwake Jumamosi. Sikumshusha mtoto. Nilimkanda mkewe kiuno na mguu wa kulia, nikageukia wa kushoto nikakuta anakoroma. Mume akasafiri. Jana nimepata ujumbe wake: mtoto wa kike amezaliwa, wiki 40 na siku moja, wote wazima. "Dada, mkono wako ulichelewa kidogo kufanya kazi, lakini umefanya. Nimewapa wenzangu ofisini namba yako."