Je, jina adimu la Kiingereza lina babu mmoja?

Wengi huamini kwamba jina la ukoo likiwa adimu, wote wanaolibeba ni wa babu mmoja. Kwa baadhi ya majina ya Uingereza ni kweli. Lakini tuchukue Trevithick, jina la Cornwall, kusini-magharibi kabisa mwa nchi. Huko kuna mashamba na vitongoji kadhaa viitwavyo Trevithick, katika parokia mbalimbali. Zamani mtu aliitwa kwa shamba alilokaa. Akihamia jingine, jina nalo liliweza kubadilika, na hapa na pale hali hiyo ilidumu hadi karne ya 16. Kwa hiyo akina Trevithick wa parokia mbili huenda hawahusiani kabisa. Wapo pia akina Trevithick wa Australia, nao asili yao ni Cornwall: migodi ya shaba ilipodorora karne ya 19, wachimbaji wa Cornwall walitawanyika duniani.

Ukitaka kuhakiki, anza na sensa ya Uingereza ya 1881 uone jina limejikusanya wapi. Kisha rudi kwenye daftari za ubatizo, ambazo kongwe zaidi ni za 1538, ukitafuta pia Trevethick, maana makarani waliandika walivyosikia. Nembo za ukoo zinazouzwa madukani hazitakusaidia. Uingereza nembo hupewa mtu na kurithiwa na uzao wake, si mali ya kila mwenye jina hilo la ukoo.