Je, wajua kwa nini mche wa tumbaku ulionyimwa maji kitaluni hustahimili jua la shambani?

Huko Urambo, Kaliua na Sikonge, mkoani Tabora, miche ya tumbaku hupunguziwa maji siku 10 hadi 14 kabla ya kuhamishwa. Mchana majani hunyauka, jioni husimama tena. Miche iliyodekezwa kwa maji hadi siku ya mwisho hulala shambani, na mingi haiinuki. Sehemu ya chanzo cha tofauti hiyo ni jeni zinazowashwa na kiu.

Seli za mche zina jeni za kukabili ukame, ila siku za kawaida nyingi zimezimwa. Huwashwa na protini ziitwazo vipengele vya unukuzi, ambazo hushika kipande maalumu cha DNA karibu na mwanzo wa jeni. Jeni ikishanukuliwa kuwa RNA, seli huunda protini mpya.

Udongo ukikauka, mmea hutengeneza homoni ya asidi ya absisiki. Vipokezi vikiinasa, huzuia vimeng'enya vinavyozima ishara ya ukame. Vimeng'enya vingine huwa huru na kuibandika kikundi cha fosfeti protini iitwayo AREB, mojawapo ya vipengele vya unukuzi, na hivyo kuiamsha. Hapo AREB hushika herufi ACGTG za DNA na kuwasha jeni za protini zinazolinda utando wa seli na protini nyingine zisiharibike. (Vitundu vya majani hufunga mapema zaidi, ndani ya dakika chache, bila kungoja jeni.)

Joto nalo lina kipengele chake cha unukuzi, HSF. Protini za seli zikianza kukunjuka kwa joto, protini walinzi, zinazosaidia nyingine zisiharibike, ambazo zilikuwa zimeishika HSF, huenda kuziokoa. HSF huungana tatu tatu na kuwasha jeni za walinzi zaidi. Dalili za mwitikio huu alizibaini Ferruccio Ritossa mwaka 1962, kwenye kromosomu za nzi wa matunda.

Ulinzi huu una gharama kubwa. DREB2A, kipengele kingine cha ukame, huundwa na kuvunjwa papo hapo mmea ukiwa na maji. Mimea ya maabara iliyofanywa kuiwasha muda wote ilidumaa. Kwa hiyo usizidishe kiu: mche ukikutwa bado umenyauka asubuhi, mwagilia siku hiyohiyo. Usirudie kumwagilia kila siku, maana maji yakiwa tele, seli huzima tena jeni hizo. Loanisha kitalu vizuri jioni ya kuamkia kung'oa, mizizi isikatike, na panda jua likishapungua: mzizi uliojeruhiwa haumudu kufidia maji yanayopotea mchana.