Mnara wa kanisa si Mnara wa Babeli

Mnara wa kanisa ni sehemu ya jengo inayopanda juu ya paa, mara nyingi ikiwa na kengele ndani na msalaba kileleni. Kwa Mkristo una kazi mbili: kuwaita watu kwa sauti, na kuyainua macho yao kwa Mungu. Maana ni hiyo tu, na ningeweza kuishia hapo. Lakini siku hizi kuna fundisho linalozunguka kwenye mahubiri ya mtandaoni na kwenye vikundi vya maombi, kwamba kila mnara wa kanisa ni Babeli ndogo, ni nguzo ya Nimrodi, yule mfalme wa kale, au obeliski ya Misri, iliyopenyezwa kanisani, na aliyeokoka asisali chini yake. Nimelisikia mara nyingi mno, na limewatia hofu watu wanaompenda Mungu kwa dhati.

Tufungue Mwanzo 11:4 na tusome bila haraka. "Haya, na tujijengee mji, na mnara, na kilele chake kifike mbinguni, tujifanyie jina, ili tusipate kutawanyika usoni pa nchi yote." Nimrodi hatajwi popote katika habari hiyo. Yumo sura ya 10, ambako Babeli unatajwa kuwa mwanzo wa ufalme wake; kumkabidhi mnara ni mapokeo yaliyokuja baadaye. Kisha tazama hamu yao ilikuwa nini: tujifanyie jina. Walitaka wakumbukwe wao, na wakakataa kutawanyika ilhali Mungu alikwisha kusema "mkaijaze nchi." Urefu ulikuwa chombo tu cha hamu hiyo. Sasa weka kando yake Mithali 18:10: "Jina la BWANA ni ngome imara, mwenye haki huikimbilia, akawa salama." Kule watu wanajenga ili wapate jina, huku jina lenyewe ndilo jengo, na mtu anakimbilia ndani. Ukiutazama mnara wa kanisa, swali la kuuliza ni jina la nani linatukuzwa pale. Kuhesabu mita hakutakupa jibu.

Na historia yenyewe haisemi yanayosemwa. Wakristo wa kwanza waliabudu majumbani. Kule Dura-Europos, nchini Syria, wachimbaji walikuta nyumba ya kawaida iliyogeuzwa kuwa kanisa katika karne ya 3, ina kisima cha ubatizo na picha ukutani, mnara haina. Kwa hiyo nao wanaodai kwamba kanisa lisilo na mnara halijawa kanisa wamekosea vilevile. Minara ilikuja baadaye sana, na ilikuja hasa kwa sababu ya kengele: kengele ikining'inizwa juu husikika mbali. Kule Ravenna, Italia, bado ipo ile ya zamani, ya mviringo, imesimama pembeni ya makanisa. Baadaye paa la mnara likachongoka, mvua na theluji zisikae juu yake, na kuanzia karne ya 12 mafundi wa Ulaya wakalivuta paa hilo juu zaidi na zaidi, hadi mnara wa kanisa kuu la Salisbury, Uingereza, ukafika mita 123. Obeliski ya Misri ni kitu kingine kabisa: ni jiwe moja lililochongwa. Ile iliyoko mbele ya Basilika la Mtakatifu Petro, Vatikani, ilisimamishwa pale mwaka 1586, wakati Ulaya ilikuwa imejenga minara ya makanisa kwa mamia ya miaka.

Nakubali kwamba kiburi kinaweza kupanda mnarani. Kanisa lenyewe liliijua hatari hiyo. Mwaka 1157 watawa wa Sistersiani walijikataza kujenga minara ya mawe ya kengele, wapate kuishi kwa unyofu. Naye msanifu majengo Antoni Gaudí, alipobuni mnara wa Yesu Kristo katika kanisa la Sagrada Família kule Barcelona, Hispania, aliupa mita 172.5, chini kidogo ya kilima cha Montjuïc cha mji huo, kwa kuwa aliona si vema kazi ya mwanadamu iipite kazi ya Mungu. Mtu wa Babeli hapigi hesabu hiyo.

Kwetu ushahidi uko karibu zaidi. Frere Town, Mombasa, makazi yaliyoanzishwa na wamisionari wa CMS, chama cha Kianglikana cha Uingereza, mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, palijengwa kimnara kifupi cha kengele. Kengele hiyo ilipigwa kuwaonya watu kwamba wafanyabiashara ya utumwa wanakuja. Mpaka leo mahali pale panaitwa Kengeleni. Mtu aliyewahi kuuzwa, akisikia sauti ile akapata nafasi ya kujiokoa, utamwambia amesikia sauti ya Nimrodi?

Hata pasipo mnara kazi yake hufanyika. Sharika nyingi za vijijini hutundika rimu la gari kwenye tawi la mwembe, na mzee wa kanisa huligonga kwa kipande cha chuma. Kengele ya kwanza watu wanaoga, ya pili wako njiani. Ikigongwa polepole, pigo moja moja, siku isiyo ya ibada, jembe linawekwa chini na watu wanaulizana ni nani aliyetutoka.

Mimi binafsi hupenda kuutazama mnara wa kanisa la Kilutheri la Azania Front nikiwa kwenye pantoni kutoka Kigamboni, na kigae chake chekundu. Wajerumani walipoujenga, ulionekana na kila chombo kilichoingia bandarini Dar es Salaam. Sasa maghorofa ya vioo yameupita mara kadhaa. Wala hilo halinisumbui, maana haukuwekwa pale kushindana. Nikiuona nakumbuka Wakolosai 3:2, "Yafikirini yaliyo juu," na mara nyingi ndipo ninapoanza kusali, mizigo na bodaboda zikiwa zimenibana pande zote.

Basi, ndugu yangu unayefundisha habari za Nimrodi, usiache kukemea kiburi, tunahitaji kukemewa. Ila mwulize mchungaji na wazee kwanza: hela ya mnara imetoka wapi, na jiwe la msingi limeandikwa jina la nani kwa herufi kubwa.