Kipimo cha choo kikija chanya, usikirudie: nenda kolonoskopi

Kuna wagonjwa ambao nikisoma faili zao naumia. Walipima choo, majibu yakaja chanya, wakaandikiwa kolonoskopi (kutazama utumbo mpana kwa ndani kwa kamera), kisha hawakwenda. Wanarudi baada ya mwaka au miaka miwili wakiwa wamekonda, damu imepungua, na saratani ya utumbo mpana imeshafika kwenye ini. Kipimo kiliwaonya mapema, lakini onyo halikufanyiwa kazi. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa kila mara na watu wanaoshika karatasi ya majibu mkononi.

Kipimo cha choo kinatafuta nini?

Kinatafuta damu ambayo ni kidogo mno kuonekana kwa macho. Saratani ya utumbo mpana, pamoja na vijinyama vikubwa viotavyo ndani yake (tunaviita polipu), huvuja damu kidogo kidogo muda mrefu kabla mtu hajasikia maumivu yoyote. Vipimo vinavyotumika zaidi siku hizi hutambua himoglobini (protini ya damu) ya binadamu peke yake, kwa hiyo hakuna haja ya kuacha kula nyama kabla ya kupima. Kipimo hiki ni cha mtu asiye na dalili. Nchi nyingi huanza kuwapima watu wakifika miaka 50, nyingine miaka 45.

Majibu ni chanya. Basi nina saratani?

Si lazima. Chanya maana yake ni kwamba damu imeonekana na chanzo chake hakijajulikana. Katika watu 100 wenye majibu chanya, wanaokutwa na saratani kwa kawaida hawafiki 10. Wengi zaidi hukutwa na polipu, ambazo hutolewa palepale kabla hazijageuka saratani, na wengine hawakutwi na kitu. Kwa hiyo usianze kuaga ndugu. Lakini pia usiikunje karatasi ukaiweka kabatini, maana hakuna anayeweza kukuambia uko kundi lipi mpaka utumbo utazamwe kwa ndani.

Daktari, mimi nina bawasiri miaka mingi. Si ndiyo hiyo damu?

Hujui. Mimi pia sijui, na yeyote anayekuhakikishia bila kuutazama utumbo wako wote anabahatisha na maisha yako. Bawasiri haimkingi mtu na saratani. Mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili. Utumbo mpana una urefu wa karibu mita moja na nusu, na bawasiri iko kwenye sentimita chache za mwisho. Kuiona bawasiri hakukuambii lolote kuhusu sehemu yote iliyobaki huko juu. Tafadhali, acheni kununua dawa ya bawasiri kwa ajili ya majibu chanya ya kipimo cha choo. Hata ikipona, swali la damu ile linabaki palepale.

Je, nirudie kipimo kwanza, kikija hasi niachane na habari ya kolonoskopi?

Hapana.

Najibu kwa mkato kwa sababu hili ndilo linalochelewesha watu kuliko jambo lingine lolote, na wakati mwingine wanaoshauri hivyo ni wahudumu wenzetu. Polipu na saratani hazivuji damu kila siku. Leo inavuja, kesho imetulia, wiki ijayo inavuja tena. Ukipima siku iliyotulia utapata hasi, utafurahi, na uvimbe utaendelea kukua. Majibu hasi ya pili hayafuti majibu chanya ya kwanza.

Halafu kuna wanaouliza kama wanaweza kupima damu ya mkononi kutafuta alama za saratani, au kufanya ultrasaundi ya tumbo. Hapana tena. Vipimo hivyo vinaweza kuwa safi kabisa huku ndani kuna polipu kubwa, au hata saratani changa. Kusikia uko mzima, kula vizuri na kutokuona damu chooni pia si jibu. Kipimo hiki kilitengenezwa kwa ajili ya watu wanaojisikia wazima.

Nina muda gani?

Weka miadi wiki hiyohiyo uliyopata majibu. Foleni ikiwa ndefu, pigania usivuke miezi michache. Utafiti mmoja uliochapishwa Marekani mwaka 2017 uliwafuatilia watu zaidi ya 70,000 wenye majibu chanya. Waliofanya kolonoskopi baada ya miezi 10 au zaidi walikutwa na saratani, na saratani iliyokwisha kukomaa, kwa kiwango kikubwa kuliko waliofanya ndani ya mwezi mmoja. Wiki mbili za kusubiri nafasi si tatizo. Tatizo ni mtu anayesema "nitaenda nikipata nafasi", mwaka unakatika.

Kolonoskopi ikoje? Naiogopa.

Mrija mwembamba wenye kamera hupitishwa njia ya haja kubwa, na mara nyingi mgonjwa hupewa dawa ya usingizi au ya kumtuliza. Kutoboka kwa utumbo hutokea, ila ni nadra, chini ya mtu mmoja kati ya 1,000. Kinachosumbua watu hasa ni maandalizi: dawa ya kuharisha hadi kinachotoka kiwe maji ya njano yasiyo na vipande. Inywe yote, kwa saa ulizoelekezwa. Wapo wanaokunywa nusu kwa sababu "tumbo limeshasafika", kisha daktari anaona kinyesi badala ya ukuta wa utumbo na kazi yote inabidi irudiwe. Sema mapema kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, za kisukari au za kuongeza damu zenye madini ya chuma. Usiziache kwa uamuzi wako.

Nimetolewa polipu. Nimemaliza?

Bado. Polipu hupelekwa maabara, na majibu ya maabara ndiyo yanayoamua urudi lini. Usiondoke bila kujua utayapata wapi na siku gani. Adenoma ni aina inayoweza kugeuka saratani, kwa kawaida baada ya miaka mingi. Kwa miongozo ya Marekani, aliyekuwa na adenoma moja au mbili ndogo, chini ya milimita 10, hurudi baada ya miaka 7 hadi 10. Aliyekuwa na adenoma ya milimita 10 au zaidi, baada ya miaka 3. Nchi nyingine zina ratiba tofauti kidogo. Omba tarehe yako iandikwe kwenye ripoti na utunze nakala. Kama ni adenoma kubwa au saratani, waambie ndugu zako wa tumbo moja na watoto wako, kwa sababu huenda wao wakahitaji kuanza kupimwa mapema kuliko watu wengine.

Majibu yangu ni hasi, lakini naona damu chooni.

Basi achana na karatasi hiyo, uende ukaonwe na daktari. Kipimo cha choo hukosa baadhi ya saratani, ndiyo maana hurudiwa kila mwaka au kila miaka miwili kwa wasio na dalili. Damu kwenye choo, choo kilichobadilika kwa wiki kadhaa, kupungua uzito bila sababu, au upungufu wa damu wa madini ya chuma kwa mwanamume au kwa mwanamke aliyekoma hedhi: haya yanahitaji uchunguzi hata kama jana ulipewa majibu hasi. Mwambie daktari ulichokiona, kwa maneno ya wazi, bila kuona haya.