Swali lako la usaili si dhamira

Wiki hii nimepokea tena Sura ya Nne ya tasnifu, ile ya matokeo, yenye vichwa vinne: Uelewa, Changamoto, Athari, Maoni. Nikafungua viambatisho. Mwongozo wa usaili una maswali manne, kwa mpangilio uleule. Nikamuuliza mwanafunzi vimetoka wapi. "Ndizo dhamira zilizojitokeza, mwalimu."

Hazikujitokeza. Dhamira ni wazo linalounganisha majibu ya watu mbalimbali; hizi ulikwenda nazo mwenyewe, pamoja na kinasa sauti. Umepanga majibu kwa kufuata maswali, kazi ya karani. Ni ya lazima, lakini uchambuzi bado. Na hilo neno "kujitokeza" watafiti Braun na Clarke walilikosoa katika makala ileile ya 2006 kuhusu uchambuzi wa dhamira ambayo kila mtu anainukuu.

Chukua usaili wa kina mama waliojifungulia nyumbani. Kwenye swali la usafiri mmoja anasema: "Gari lilikuwepo, ila mume alikuwa safarini." Kwenye gharama, mwingine: "Hela alikuwa nayo shemeji." Wa tatu anaulizwa kuhusu wauguzi, anajibu: "Mama mkwe alisema tusubiri kwanza." Ukifuata maswali, watatu hawa hawakutani kamwe. Wasome pamoja: ruhusa ya kutoka iko mikononi mwa mtu mwingine. Hiyo ndiyo dhamira, na hakuna swali lililoiuliza. Iandike kama sentensi kamili. "Changamoto" ni jina la kabati tu.

Na yule wa nne, aliyejiamulia na kupanda bodaboda usiku, usimfute kwa sababu anaharibu ruwaza, yaani ule mfanano wa majibu. Iulize data yako: alikuwa na nini ambacho wenzake hawakuwa nacho?

"NVivo itanichambulia." Programu hiyo ya kompyuta haichambui. Inatunza na kukusanya vipande ulivyovisimba, yaani ulivyovipa majina ya maana, na hata inapopendekeza misimbo, kuamua maana ni kazi yako. Kwa usaili kumi na tano, mimi bado nachapisha na kukata kwa mkasi juu ya meza ya chakula. Wanaocheka wacheke.

"Asilimia 60 ya washiriki walisema..." Washiriki kumi! Sema sita.

"Wahojiwa 12 wanatosha." Watafiti Guest, Bunce na Johnson, 2006, waliwasaili wanawake 60 wa Ghana na Nigeria, na misimbo mingi ikawa imepatikana kufikia usaili wa 12. Kundi lao lilifanana na swali lilikuwa finyu. Lako je?

Wengine husubiri wamalize usaili wote ndipo waanze kusoma. Nakili sauti ya msailiwa wa kwanza kwa maandishi usiku uleule, kabla hujamfikia wa tatu, wakati bado unaweza kurudi kijijini kuuliza shemeji ni nani.