Acheni kulitesa neno la herufi 29

Kila msimu wa midahalo ya shule hapa Kampala nasikia kosa lilelile, na limeshanichosha. Mwanafunzi wa S.6, yaani kidato cha sita, anasimama, anarekebisha tai, anatangaza kwamba hoja ya wapinzani imejaa floccinaucinihilipilification. Ukumbi mzima makofi! Alitaka kusema hoja haina uzito. Alichosema ni kwamba hoja imejaa kudharau.

Dhana yenyewe: eti neno hili maana yake ni kutokuwa na umuhimu. Sivyo. Ni kitendo cha kukiona kitu hakina thamani, hata kama kitu chenyewe ni dhahabu. Limeungwa kwa vipande vya Kilatini: flocci, kishungi cha sufu, nauci, kitu cha ovyo, nihili, si kitu, na pili (haina undugu na pili yetu), unywele. Warumi walipokithamini kitu kwa kiasi cha unywele, walikuwa wanakidharau. Mkia wake, -fication, asili yake ni kitenzi facere, yaani kufanya. Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Simplification ni kurahisisha, si urahisi. Purification ni kutakasa, si usafi. Kwa nini hili moja tulivue utendaji wake? Wachuuzi wa soko la Owino hapa Kampala wakilalamikia mtaro ulioziba, na diwani akawapuuza, floccinaucinihilipilification ni ya diwani. Mtaro hauna hatia.

Wengine hudai ndilo neno refu kuliko yote ya Kiingereza. Linalizidi antidisestablishmentarianism kwa herufi moja tu, na lenyewe linaachwa mbali na pneumonoultramicroscopicsilicovolcanoconiosis, jina la ugonjwa wa mapafu lililobuniwa makusudi liwe refu: herufi 45.

Kwamba limezuliwa na vijana wa intaneti? Mshairi Mwingereza William Shenstone aliliandika kwenye barua mwaka 1741.

Halafu kuna wanaolikariri wakiamini litamvutia mtahini wa General Paper, mtihani wa maarifa ya jumla. Mtahini anatafuta hoja, jamani, hapimi maneno kwa rula. Nami nina dawa moja ninayowapa wote: ondoa neno hilo kwenye sentensi yako, weka "kudharau", usome tena kwa sauti. Sentensi ikigoma, andika insignificance uendelee na mtihani. Ikikubali, bado kuna belittling, herufi 10 tu, na muda wa kumalizia aya.