Kompyuta Inayojizima na Kujiwasha: Subiri Kabla Hujapigiwa Windows Upya

Mwalimu mmoja wa sekondari alipanda Kosta ya asubuhi kutoka Tukuyu hadi ofisini kwetu hapa Mbeya, kompyuta mpakato yake ameiviringisha kwenye kanga kama mtoto mchanga. Tangu jana yake saa moja jioni, alipoanza kuipandisha kutoka Windows 10 kwenda Windows 11, ilikuwa inajizima na kujiwasha yenyewe. Inafika asilimia thelathini na kitu, kioo kinakuwa cheusi, alama ya kampuni inatokea, kisha inaanza upya. Ndani yake mlikuwa na alama za mtihani wa majaribio wa kidato cha nne, na hazikuwapo mahali pengine popote. Fundi wa mtaani alikuwa amemwambia dawa ni moja tu: ipigwe Windows upya, elfu kumi na tano, inakuwa mpya.

Kweli ingekuwa mpya, lakini bila alama hata moja.

Kesi za namna hii zimekuwa nyingi kitengo chetu cha TEHAMA tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Watu wengi wanapandisha toleo kwenda Windows 11, wengine kwa mashine za mtumba zilizozeeka. Nyingi zinazoletwa kwetu zikiwa "zimekufa" hazijafa. Zimekwama njiani, na mara nyingi njia ya kurudi bado ipo.

Unapopandisha toleo, kompyuta haibandiki kitu kipya juu ya cha zamani. Inajiwasha kwanza kwenye mfumo mdogo wa muda, inahamishia mfumo wa zamani kwenye folda iitwayo Windows.old, inaweka mpya, kisha inajiwasha tena kutambua vifaa vyake: kadi ya picha, sauti, Wi-Fi na vyote vilivyochomekwa. Kwa hiyo kujizima na kujiwasha mara kadhaa ni sehemu ya kazi yenyewe. Ikishindwa, imefundishwa kujirudisha ilikotoka. Anayeizima kwa nguvu wakati inarudi nyuma ndiye anayeiharibu, na ndiyo maana umeme ukikatika katikati ya kazi hii kwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS (kifaa cha kuhifadhi umeme wa dharura), huwa tunapata kazi ya siku nzima.

Basi utajuaje kama imekwama au inafanya kazi? Tazama asilimia. Ikisimama palepale lakini taa ya diski inapepesa, iache. Kwenye diski ya zamani ya kuzunguka kazi hii inaweza kuchukua saa kadhaa, nenda kapike. Lakini ikifika namba ileile, ikazima, ikaanza upya, na ukahesabu mizunguko mitatu au zaidi isiyotofautiana, hapo imekwama kweli.

"Mwalimu, hebu tuchomoe kwanza hiyo flashi na hiyo modemu," nilimwambia. Alishangaa, maana vilikuwa pale tangu kabla ya tatizo kuanza. Kompyuta inapotambua vifaa, draiva (programu ndogo inayoendesha kifaa) moja mbovu ya modemu au printa inatosha kuiangusha, na ndiyo maana upandishaji ulioshindwa mara nyingi huacha kosa linaloanza na 0xC1900101, ambalo kwa kawaida huelekeza kwenye draiva. Acha chaja tu. Hata kipanya chomoa kama kompyuta ina padi yake ya kugusa.

Ikiendelea kuzunguka baada ya hapo, ilazimishe ikufungulie ukurasa wa kujitibu. Bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie kwa sekunde kama kumi mpaka izime. Iwashe, na alama ya kampuni ikitokea tu, izime tena vilevile. Rudia mara mbili au tatu. Safari inayofuata italeta kioo cha buluu chenye machaguo. Ingia palipoandikwa Troubleshoot, penye picha ya spana na bisibisi, kisha machaguo ya ziada. Humo mna sehemu ya kurekebisha uwashaji, ya kuondoa masasisho ya karibuni, na ya kurudi toleo la zamani. Ya mwisho hii haidumu: Windows huihifadhi Windows.old kwa siku 10 tu kisha huifuta.

Kabla ya kubonyeza lolote kati ya hayo, okoa mafaili. Hiki ndicho kitu ambacho mafundi wengi hawakufanyii, pengine kwa haraka, pengine kwa kutojua kuwa ni dakika kumi. Kwenye machaguo hayohayo fungua Command Prompt, dirisha jeusi la kuandikia amri, andika notepad, bonyeza Enter. Kitafunguka kidaftari cheupe cha kuandikia. Nenda File, kisha Open, na pale chini badilisha ili kikuonyeshe mafaili ya aina zote. Sasa unaona diski yako yote. Usishtuke ukikuta C imekuwa D, ndani ya ukurasa huu herufi hubadilika. Chomeka flashi, bonyeza folda yako kwa kitufe cha kulia cha kipanya au cha padi ya kugusa, nakili, bandika kwenye flashi. Hakuna alama ya kuonyesha imefika wapi, kidaftari kitaonekana kimeganda. Kisubiri.

Alama za mwalimu zilitoka kwa njia hiyo. Faili moja la Excel, na folda ya picha za harusi ya dada yake ambazo hata hakukumbuka kuwa zimo.

Kuna kizuizi kimoja. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kulinda mafaili, itakudai namba za kufungulia, tarakimu 48. Kwa kawaida hutunzwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuanzisha mashine, na unaweza kuzisoma kwa simu. Swali ni akaunti ya nani. Ukinunua mtumba Mwanjelwa na kijana wa duka akakufungulia kwa barua pepe yake, ufunguo wa mali yako uko mfukoni mwake. Kaibadilishe akaunti hiyo leo.

Baada ya kuokoa, tafuta chanzo. Kosa la 0x80070070 maana yake nafasi ya diski haitoshi. Diski inayotoa mlio wa kugonga inakaribia kufa, usiipandishe toleo, badilisha kwanza. Vumbi nalo si la kudharau. Kiangazi cha huku, kuanzia Agosti hivi mpaka mvua za Novemba, feni nyingi huja zimevaa sufi, na mashine inayochemka hujizima yenyewe katikati ya kazi nzito kama hii.

Na kama kompyuta yako haina TPM 2.0, yaani chipu ya usalama, au prosesa yake ya Intel ni ya kabla ya kizazi cha 8, haitimizi masharti ya Windows 11. Vijana wana mbinu za kuilazimisha, ila mimi sizipendi kwenye mashine ya kazi. Kwa waliojiandikisha, Microsoft inaendelea kutoa masasisho ya usalama ya Windows 10 hadi 13 Oktoba 2026. Mwalimu wetu tulimrudisha kwenye Windows 10 yake, tukamwandikisha, akawahi Kosta ya saa kumi.